Hita ya Kumi na Mbili

Jumatano ile Shoto aliondoka nyumbani akiwa ameloweka nguo. Shati la shule la binti yake, soksi jozi mbili na shuka moja vilibaki kwenye beseni la bluu nyuma ya mlango, na kipande cha sabuni juu ya tofali. Alimwambia dada yake, "Usizifue, nitazifua mwenyewe jioni. Wewe unakamua nguo kama unamnyonga mtu." Wakacheka. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo asubuhi. Jioni hakurudi. Alhamisi maji ya beseni yakaanza kunuka. Ijumaa dada mtu akazifua zile nguo, akazikamua taratibu.

Hayo dada mtu alimweleza Mkaguzi wa kazi siku ya nane, kwenye ofisi ya kazi, chumba cha pili ghorofa ya kwanza, chini ya feni iliyokuwa ikigongagonga. Hakulia. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayeogopa kukichafua.

"Polisi ulikwenda?" Mkaguzi aliuliza.

"Nilikwenda, kaka. Wakapiga simu kiwandani, na kiwandani wakajibu hajaonekana kazini tangu tarehe tano, yuko mapumzikoni. Yule askari akanitazama hivi, akasema, 'Mama, mdogo wako ni mtu mzima, labda ana safari zake.' Safari! Mtu ambaye akienda kuchota maji bombani anaaga."

"Na yeye alikwambia yuko mapumzikoni?"

"Mapumziko gani? Kila asubuhi nilimfungulia mlango mimi. Kila jioni alirudi vidole vimekunjamana kwa maji. Mtu anapumzika ndani ya pipa?"

Shoto alikuwa mpimaji katika kiwanda cha hita za ndoo, zile koili za chuma ambazo mtu huzitumbukiza kwenye ndoo ya maji kisha akachomeka waya ukutani. Kazi yake ilikuwa kuitumbukiza kila hita kwenye pipa la maji, kuiwasha, na kuangalia kwa mita kama umeme unavuja. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho tu. Tangu shuleni, kwa sababu aliandika kwa mkono wa kushoto, hata mwalimu mkuu alimwita Shoto.

"Kuna kitu chochote kiwanda kimekuletea?"

"Jana dereva wao alileta mfuko wake. Kikombe, kitambaa cha kichwa, kandambili. Na hita mpya ndani ya boksi, eti zawadi ya kampuni kwa familia. Nikamuuliza, zawadi ya nini? Akasema yeye katumwa tu. Gari hakuzima, kaka. Alinipa vitu kama mtu anayetupa kaa la moto."

Mkaguzi aliandika: *kikombe, kitambaa, kandambili*. Akanyanyua kalamu.

"Hizo kandambili. Alikuwa na ngapi?"

"Hizo hizo. Ndizo alizotoka nazo Jumatano."

Walitazamana. Mkaguzi akapiga mistari miwili chini ya neno *kandambili*. Mtu mwenye safari zake haendi pekupeku.

Dada mtu alisimama, akafunga kitambaa chake vizuri. Alisema lazima awahi nyumbani, mtoto wa Shoto ana mafua, kamwacha kwa jirani. Mlangoni aligeuka.

"Kila nikisikia hodi naogopa, kaka. Naogopa akiwa yeye, kwa jinsi atakavyokuwa. Naogopa zaidi asipokuwa yeye."

*

Meneja wa kiwanda alikuwa na faili tayari mezani, kama aliyejua atatembelewa. Alikuwa kijana, shati limenyooshwa mpaka kola inang'aa, na alizungumza kwa sauti ya chini ya mtu asiyezoea kukatizwa.

"Sisi hatuvunji sheria, Bwana Mkaguzi. Tunaifuata mpaka kwenye nukta."

Mkaguzi aliijua nukta yenyewe. Sheria ya kazi ilisema mfanyakazi akitimiza miezi sita mfululizo mahali pamoja, huyo ni wa kudumu. Ana likizo, ana bima, na akiumia kazini mwajiri anawajibika. Kwa hiyo kiwanda hiki, kila mtu alipofikisha miezi mitano, alipewa wiki mbili za mapumziko, kisha akaajiriwa upya kama mgeni. Wako waliofanya kazi hapo miaka tisa, na kwenye karatasi hakuna hata mmoja aliyewahi kumaliza nusu mwaka.

"Namba saba," Meneja alisema, akageuza faili. "Mapumziko tarehe tano hadi tarehe kumi na nane. Sahihi yake hiyo hapo."

Mkaguzi alifungua fomu ya zamani ya Shoto aliyokuja nayo, akaziweka sahihi mbili pamoja. Herufi zilikuwa zimelalia nyuma, na wino ulikuwa umeburuzwa kidogo pale kiganja kilipopita juu yake. Ilikuwa sahihi yake. Hakuna aliyeighushi.

"Na kitabu cha mahudhurio?"

Hicho nacho kilikuwa safi. Mbele ya namba saba palikuwa na herufi M, M, M, kuanzia tarehe tano.

Meneja alitabasamu kidogo. "Mambo ya nyumbani hatuyaingilii. Ila mwanamke anatoka asubuhi, nyumbani wanadhani yuko kazini, kazini tunajua yuko nyumbani. Hapo katikati, Bwana Mkaguzi, kuna mtu wa tatu. Hilo halihitaji mpelelezi."

Lilikuwa jambo linalowezekana. Mkaguzi alikwishawahi kuliona mara mbili katika kazi yake. Lakini mtu wa tatu hakunjamanishi vidole vya mtu kwa maji siku tisa.

"Naomba kuona chumba cha kupimia."

"Karibu. Mwenzako aliyekutangulia naye alipenda sana kuona vyumba. Siku hizi nasikia yuko kituo cha mpakani, anahesabu malori." Meneja alichukua funguo. "Tunamkumbuka."

Chumba kilikuwa chini, kirefu, hakina dirisha. Mapipa matatu ya maji yalikuwa kwenye mstari, yameandikwa tatu, tano na saba. Wanawake wawili walipima bila kuinua vichwa. Kila koili ilipozama, maji yalitoa mlio mwembamba kama wa mbu, na Mkaguzi alijikuta amerudi nyuma hatua moja bila kukusudia.

Pipa la saba halikuwa na mtu. Lilikuwa limepakwa rangi mpya, na chini yake palikuwa na mkeka mpya wa mpira. Penginepo chumbani hapakuwa na mkeka.

"Kwa nini hapa tu?"

"Tunaboresha kidogo kidogo. Tumeanzia hapa."

Ukutani juu ya kila pipa palikuwa na msumari, na kwenye msumari glavu nene ya mpira, moja. Mkaguzi alizitazama moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa za mkono wa kulia.

"Glavu zinakuja jozi. Za kushoto ziko wapi?"

"Hita inatolewa kwa mkono mmoja tu. Mkono wa pili unashika kalamu. Ya kushoto ingefanya kazi gani?"

Mpimaji wa pipa la tano alidondosha kalamu. Aliiokota, akaendelea kuandika.

Kengele ya mapumziko ililia, na Mkaguzi akatoka uani. Wanawake wa kufunga maboksi walikuwa bombani wakinawa. Mmoja, mnene, gundi imemkaukia mpaka viwikoni, alimwita kwa sauti iliyosikika ua mzima.

"Baba, umekuja kununua hita?"

"Nikinunua utanipa nzuri?"

"Mimi Mama Gundi, nafunga tu. Kilichomo ndani muulize Mungu." Akacheka peke yake. Wenzake walikuwa wakitazama miguu yao. "Ila hapa hatuuzi moja moja. Nenda duka la kona, kwa Miwani. Mwambie akupe za tarehe kumi na nne. Za tarehe kumi na nne ndizo tamu."

"Gundi!" mwenzake alinong'ona. "Ufunge mdomo wako kama unavyofunga maboksi."

"Namuuzia mteja, kosa?" Lakini alipoinama tena bombani, Mkaguzi aliona kwamba maji yalikuwa yamekwisha kukatika na bado anasugua mikono. Mama Gundi akatupa jicho juu, na Mkaguzi akafuata macho yake. Meneja alikuwa amesimama kwenye dirisha la juu, simu sikioni, akiwatazama.

*

Miwani alikuwa na duka la vifaa vya umeme lenye upana wa mlango mmoja na nusu. Alivaa miwani mbili kwa wakati mmoja, moja machoni na nyingine kichwani.

"Katoni ya tarehe kumi na nne ninayo, lakini siiuzi," alisema. "Ni pungufu. Katoni inakuwa na hita ishirini na nne. Hii ina ishirini na tatu. Nimewapigia mara mbili, wananiambia moja ilitolewa kiwandani. Ilitolewa na nani, ikaenda wapi, hawasemi."

"Niione."

Miwani aliiburuta kutoka chini ya meza. Mkaguzi akapiga magoti, akaanza kufungua maboksi moja moja. Ndani ya kila boksi mlikuwa na karatasi ndogo ya njano.

"Hiyo ndiyo karatasi ya mpimaji," Miwani alieleza, akishusha miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni. "Namba yake, tarehe, na hita ya ngapi kwenye katoni. Sheria ya walaji. Hita ikimuua mtu, wanaangalia namba, wanajua nani aliipitisha. Bila karatasi sipokei hata kama ni ya bure. Jamaa wa walaji wakinikuta nayo wanafunga mlango huu na mimi niko ndani."

"Kiwanda kinajua hilo?"

"Wanajua sana. Karatasi zao hazijawahi kukosea. Ndio maana nanunua kwao."

Mkaguzi alizipanga karatasi sakafuni. Ya kwanza: mpimaji saba, tarehe kumi na nne, hita ya kwanza. Ya pili: mpimaji saba. Ya tatu. Wino wote uliburuzwa kidogo kuelekea kulia, pale kiganja cha kushoto kilipopita juu yake.

Kwenye faili la Meneja, tarehe kumi na nne, Jumatano ile aliyopotea, Shoto alikuwa mapumzikoni siku ya kumi. Kwenye sakafu ya Miwani, tarehe hiyo hiyo, alikuwa amesimama mbele ya pipa la saba akipima hita na kuandika kwa mkono wake. Ofisi ya juu ilikuwa imeidanganya sheria ya kazi. Chumba cha chini, kwa kuogopa katoni kurudishwa na maduka, kikaitii sheria ya walaji kwa uaminifu wote. Hakuna aliyekumbuka kwamba karatasi za sheria mbili zinaweza kukutanishwa na mtu mmoja.

Aliendelea kupanga. Ya tisa, saba. Ya kumi, saba. Ya kumi na moja, saba. Karatasi iliyofuata ilikuwa ya kumi na tatu, na mwandiko ulikuwa mwingine, wa kusimama wima. Mpimaji tatu. Na kuanzia hapo mpaka ishirini na nne, tatu, tatu, tatu.

"Ya kumi na mbili," Mkaguzi alisema.

"Ndiyo hiyo inayokosekana. Si nimekwambia?"

Shoto alipima kumi na moja. Akachukua ya kumi na mbili, akaitumbukiza, akaiwasha. Mkono wa kulia ndio uliokuwa na glavu, kwa kuwa kampuni ilitoa ya kulia tu. Lakini kazi yote ya maana, kuandika na kushika, kwake ilikuwa ya kushoto, na mkono huo ulikwenda kwenye hita ukiwa mtupu. Na karatasi hakuiandika, kwa sababu karatasi huandikwa baada ya kupima.

"Bwana Mkaguzi, unaumwa?" Miwani aliuliza. "Umekuwa mweupe kama chokaa."

Mkaguzi alichukua karatasi ya kumi na moja, akaitia kwenye bahasha, akamwandikia Miwani hati ya kuipokea. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi.

*

Aliporudi kiwandani, Mkaguzi hakupanda kwa Meneja. Alizunguka nyuma, moja kwa moja mpaka stoo, ambako mzee mmoja mwembamba mwenye koti la kijivu alikuwa akihesabu maboksi kwa kuyagusa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Subiri, nisipoteze hesabu. Arobaini na mbili." Aliandika kitabuni, akageuka. "Haya. Una shida gani?"

"Katoni ya tarehe kumi na nne. Imetoka na hita ishirini na tatu. Moja ulipeleka wapi?"

Mtunza stoo hakushtuka. Aliudhika kidogo tu, kama mtu anayeulizwa kama jana alikula. "Kitu hakipotei kwangu. Miaka ishirini na moja." Akalowesha kidole, akafungua kurasa nyuma. "Siku ile yule binti wa pipa la saba aliugua. Walisema presha. Wakamtoa. Mimi nilikuwa huku, sikuona. Jioni nikakuta hita moja juu ya meza yake, imelowa, haina karatasi. Nikaifuta, nikaitia kwenye boksi lake. Siwezi kuiweka kwenye katoni bila karatasi, na siwezi kuitupa bila maelezo. Ikakaa hapa siku sita, inanikera macho. Nikamwuliza Meneja. Akasema iandike zawadi, iende kwa familia pamoja na vitu vyake. Hii hapa."

Mwandiko ulikuwa mzuri, wa shule za zamani. *Katoni ya tarehe 14, hita moja, isiyo na karatasi. Imetolewa tarehe 21. Zawadi, familia ya namba 7.*

Mkaguzi alisoma mara moja. Kisha alitoa daftari lake, akatafuta ukurasa wa asubuhi. *Kikombe, kitambaa, kandambili.* Vitu vitatu. Cha nne alikisikia kwa masikio yake mwenyewe, na hakukiandika.

"Mzee," alisema, "yule binti hakuwa na presha."

Mzee alimtazama. Halafu akalitazama boksi la hita lililokuwa mbele yake, akaondoa mkono juu yake polepole, akafuta kiganja kwenye koti.

Mkaguzi alipiga namba ya dada mtu. Simu haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana. Alikuwa tayari anakimbia, na nyuma yake alisikia miguu ya mzee ikijikokota kwenye kokoto za uani.

Geti lilikuwa na kufuli. Mlinzi alikaa kwenye kiti chake, hakusimama.

"Meneja amesema hakuna gari kutoka mpaka saa nane."

"Fungua."

"Nimeagizwa, mheshimiwa. Mimi ni wa kuagizwa."

Mzee alifika akihema. "Wewe," alimwambia mlinzi, "mimi nilikushika mkono siku ya kwanza unaingia hapa. Fungua geti hilo, mwanangu. Kuna mtoto kule. Usipofungua nitalivunja kwa kichwa changu na utaniokota vipande vipande."

Mlinzi alitazama juu, kwenye dirisha. Alitazama chini. Kisha akatoa ufunguo haraka, bila kumtazama mtu yeyote, na alipofungua aligeuka ukutani, ili akiulizwa aweze kusema hakuona.

*

Waliondoka kwa gari la Mkaguzi.

"Niliifuta vizuri kwa kitambaa," mzee alisema. "Ilikuwa inang'aa."

Mkaguzi alikuwa akipiga ile namba kwa kidole gumba, na kila mara sauti ile ile ya mashine ilimjibu kwamba mteja hapatikani.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, mlango uko wazi, pazia limefungwa fundo ili hewa ipite. Mkaguzi aliingia bila hodi. Sakafu ya saruji ilikuwa imelowa. Katikati palikuwa na ndoo nyeupe, na waya ulitoka ndani ya ndoo, ukapita juu ya kiti, ukaingia ukutani kwenye tundu pekee la umeme la nyumba ile. Juu ya kiti ilikuwepo simu, imechomolewa chaji, kioo cheusi.

Binti wa Shoto, wa miaka sita hivi, alisimama pekupeku kando ya ndoo, amevaa fulana tu. Kidole chake kilikuwa juu ya maji, kama mtu anayetaka kujua yamepata moto au bado.

"Usiguse!"

Mtoto aliruka nyuma, akagonga ukuta, akaanza kulia. Mkaguzi hakumwendea. Jicho lake lilikuwa kwenye swichi kubwa karibu na mlango. Alipanda juu ya kiti, kwa sababu kiti kilikuwa kikavu, akanyoosha mkono, akaishusha. Mlio wa mbu ndani ya ndoo ukakoma. Alikuwa hajatambua kwamba ulikuwepo mpaka ulipokoma.

Dada mtu alitoka chumba cha ndani na taulo mkononi. "Kuna nini? Kaka, umenifanyia nini mtoto?"

"Umeyagusa maji hayo?"

"Bado. Ndio nayachemsha, mtoto ana mafua, na gesi imekwisha tangu juzi. Nikasema leo hiyo zawadi ifanye kazi." Alimwona mzee mlangoni, koti la kijivu, mikono imening'inia. Taulo likamtoka polepole. "Huyu nani?"

"Toka nje na mtoto, dada. Kisha nitakwambia yote."

Walipotoka, Mkaguzi alipandisha swichi tena. Alisimama juu ya kiti, akainama na bisibisi ya kupimia umeme, akagusa maji kwa ncha. Ndani ya mpini taa ndogo nyekundu ikawaka. Alizima, akachomoa waya, akaitoa hita kwenye maji. Boksi lake lilikuwa chini ya meza. Alilifungua, akalipekua mpaka kwenye kona. Hakukuwa na karatasi.

Nje, dada mtu alikuwa ameketi juu ya beseni la bluu lililopinduliwa, mtoto mapajani. Hakumwuliza Mkaguzi. Alimwuliza mzee.

"Baba, mdogo wangu yuko wapi?"

Mzee alivua kofia. "Wallahi, mwanangu, mimi niliambiwa presha. Dereva ndiye aliyembeba. Alinieleza usiku ule, alikuwa hawezi kula. Alisema aliambiwa ampeleke hospitali ile ya ng'ambo ya daraja, asiende ya karibu. Amshushe getini, asitaje jina wala mahali alikotoka. Kwa sababu kwenye vitabu hakuwepo kazini. Sasa mtu ambaye hayupo, ataumia vipi?"

"Na wewe ulikaa na hayo siku nane."

"Nilikaa nayo."

"Na hita ukanifutia."

Mtoto aliacha kulia, akauliza kama ataoga au hataoga.

"Hutaoga sasa, mama," dada mtu alimwambia. "Maji yameharibika."

Mkaguzi alisogea kando, akapiga simu hospitali ya ng'ambo ya daraja. Alipokelewa na karani, akangojea kitabu cha rejista kifunguliwe, akasikia kurasa zikigeuzwa. Karani alisoma kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu. Tarehe kumi na nne, saa tano na dakika arobaini asubuhi. Mwanamke, miaka thelathini hadi arobaini. Jina: hajulikani. Aliletwa na: hajulikani. Pekupeku. Ameungua kiganja cha kushoto.

"Wodi gani?" Mkaguzi aliuliza, ingawa sauti ya karani ilikuwa imeshamwambia.

"Hakufika wodini, mheshimiwa."

Alipogeuka, dada mtu alikuwa akimtazama. Alikuwa ameziba masikio ya mtoto kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayemkinga na upepo.

"Mkono gani?" aliuliza.

"Wa kushoto."

Alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi, kidogo kidogo. Kisha akaomba kuona ile karatasi. Mkaguzi alimtolea kwenye bahasha, na dada mtu akapitisha kidole juu ya wino ulioburuzwa, bila kuugusa.

"Alikuwa anachafua kila daftari hivi hivi," alisema. "Mwalimu alimchapa sana kwa ajili ya hili."

Sasa ni saa saba na nusu. Hita ya kumi na mbili iko kwenye gari la Mkaguzi, imefungwa kwa lakiri, na mzee wa stoo amekaa kando yake na kitabu chake mapajani, anasubiri kuandikisha maelezo. Hospitali hufungua chumba cha chini, cha maiti, saa tisa alasiri. Dada anakwenda na kitambulisho cha mdogo wake na karatasi ya kumi na moja, ili kwenye rejista jina liandikwe, na mbele ya jina, mahali alipoumia, liandikwe neno kazini.